Foto za Vita Kutoka Juu: Ndege Inaona Nini, Haioni Nini



Kuko ulizo moja linalorudi kila mara katika kilasi, katika soko, hata mbele ya mlango wa kanisa. Tangu mwezi wa kumi 2014 watu wengi wameuawa katika mashamba na vijiji vya teritware ya Beni, na hapa Oicha tumezika wengi. Katika miaka hiyo ndege za namna nyingi zimepita juu ya vichwa vyetu. Basi watu wanauliza: ikiwa ndege inaweza kupiga foto ya dunia tangu kule juu, juu ya nini haikuona wauaji wakikuja? Mmoja anajibu haraka: "Iliona, wenyewe walinyamaza." Mwingine anasema: "Ile haioni kitu, inamaliza tu mafuta." Majibu yote mawili ni mepesi sana. Mbele ya kuchagua moja, inafaa kujua kwanza kazi ile inafanywa namna gani. Ndilo somo letu: foto za vita zinazopigwa na ndege, zaidi sana ndege za mapigano, na namna watu wanavyozisoma. Tutaanzia mbali, kisha tutarudi hapa kwetu Kivu, kwa maana mwaka 1996 kazi hiyo ilifanyika juu ya milima na pori letu, na uzima wa watu maelfu na maelfu ulitegemea jibu lake.

WAPELELEZI KUMI NA WAWILI

Kupeleleza inchi si jambo la leo. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 13, Musa alituma watu kumi na wawili waangalie inchi ya Kanaani. Tukisoma vizuri maulizo aliyowapa, tunashangaa, kwa maana ni yaleyale ambayo jenerali wa siku hizi anawapa mapiloti wake. Watu wa kule ni wachache ao wengi? Wanakaa katika kambi ao katika miji yenye kuta? Inchi yenyewe iko na miti ao haina? Walitembea siku makumi ine, wakarudi na matunda mikononi. Wote waliona inchi moja. Lakini kumi walileta habari ya namna moja, na Kalebu na Yoshua wakaleta nyingine. Tulishike jambo hilo, tutalihitaji mbele.

Mtu anayetaka kuona mbali anapanda juu. Ndege ilipoingia katika vita, kazi yake ya kwanza haikuwa kutupa mabomu, ilikuwa kuangalia. Na Afrika ya Mashariki iliona kazi hiyo mapema. Mwaka 1914 manuari ya Wajerumani, jina lake Königsberg, ilijificha katika matawi ya mto Rufiji, katika inchi ambayo leo ni Tanzania. Mabaharia wakaifunika kwa majani ya miti. Waingereza walijua iko mule, lakini toka baharini walikuwa wanaona mikoko tu. Wakaleta ndege ndogo. Mwezi wa kumi na moja 1914 piloti mmoja, Cutler, akaiona. Mwezi wa ine 1915 wengine wakafaulu kuipiga foto. Siku ya 11 mwezi wa saba 1915 manuari ikaharibiwa kwa mizinga, huku ndege ikizunguka juu na kuambia wenye mizinga: ongezeni mbele, rudisheni kidogo. Ndege yenyewe ilipigwa, lakini Arnold, aliyekaa pamoja na piloti Cull, aliendelea kutuma habari wakati wanashuka majini. Wote wawili waliokolewa.

Angalieni: hata katika hadithi hii ya kwanza, adui wa foto ni jani la mti.

NDEGE YA MAPIGANO BILA BUNDUKI

Vita vya pili vya dunia vilipoanza mwaka 1939, Waingereza walikuwa wanatuma ndege nzito za mabomu kupiga foto juu ya Ujerumani. Zilikuwa nzito, ziko na watu watatu ndani, zinaonekana mbali, na nyingi hazikurudi. Afisa mmoja kijana, Maurice Longbottom, akaandika mawazo mengine: tuchukue ndege ya mapigano iliyo ya mbio kuliko zote, tutoe bunduki zote, tutoe kila kitu kizito, na katika nafasi ile tuweke mafuta na apareyi za foto. Iende peke yake, juu sana, ipige foto, irudi. Isipigane na mtu. Mkubwa wake Sidney Cotton, mzaliwa wa Australia, mtu mwenye vichwa vingi na asiyependa kungoja ruhusa, akapata ndege mbili za Spitfire. Zikafungwa matundu yote, zikapakwa rangi nyepesi ya kufanana na anga. Siku ya 18 mwezi wa kumi na moja 1939 Longbottom mwenyewe alitoka Ufaransa akaruka kuelekea mji wa Aachen, juu karibu metre 10,000. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya namna ile.

Tunaona hapa jambo la kufikiri. Ndege iliyotengenezwa kwa kuua inaacha silaha zake, na usalama wake ni mbio tu. Piloti iko peke yake. Yeye ndiye anashika usukani, anasoma karta, anaangalia nyuma kama adui anakuja, tena anafungua apareyi. Kule juu baridi inapita digri 50 chini ya sufuri, hata apareyi inapewa hewa ya moto kutoka kwa mashini kusudi mafuta yake yasigande. Na ndege ikipita fasi ambapo mvuke wa mashini unageuka barafu, inaacha nyuma yake mstari mweupe, kama mtu anayeandika jina lake mwenyewe angani. Mapiloti walijifunza kukaa chini kidogo ya fasi ile.

Hatari kubwa ni hii: kusudi foto ziwe nzuri, ndege inapaswa kwenda sawasawa, bila kugeuka, bila kupanda wala kushuka, kwa dakika kadhaa. Ni kama kuombwa kutembea polepole katikati ya barabara wakati watu wanakutupia mawe.

Wanafunzi wengi wamesoma kitabu cha Mufalme Mdogo katika somo la Kifaransa. Mwandishi wake, Antoine de Saint-Exupéry, alikuwa piloti wa kazi hii, katika kikosi cha upelelezi cha Ufaransa namba 2/33. Siku ya 31 mwezi wa saba 1944 aliondoka Corsica katika ndege ya mapigano ya Marekani aina ya Lightning. Bunduki zilikuwa zimetolewa, apareyi za foto ziko katika pua. Hakurudi. Vipande vya ndege yake vilipatikana katika bahari karibu na Marseille mwaka 2000, na mwaka 2004 vikathibitishwa kuwa ni vyake. Mushike ile namba 33 katika kichwa.

HESABU YA MILIMETRE

Sasa tuchukue bic na regle, kwa maana bila hesabu somo hili litabaki hadithi.

Ukubwa wa kitu katika foto unategemea mambo mawili: urefu wa fokale ya apareyi, na urefu wa ndege juu ya udongo. Tunagawanya cha kwanza kwa cha pili. Apareyi kubwa za Spitfire ziliweza kuwa na fokale ya santimetre 91. Ndege ikiruka metre 9,100, tunapata 0.91 kugawanya kwa 9,100, yaani moja juu ya elfu kumi. Maana yake milimetre moja ya filimu ni metre 10 za udongo. Filimu yenyewe ilikuwa na upande wa santimetre 21 hivi, basi foto moja ilifunika karibu kilometre 2 za inchi. Oicha yetu haingeingia yote katika foto moja.

Nyumba ya masomo yenye urefu wa metre 50 inakuwa milimetre 5. Inaonekana vizuri sana, zaidi ikiwa ni ya manjanja yanayong'aa. Kamyo ya metre 8 haifiki milimetre moja, lakini mwenye lensi ya kukuza ataitambua. Je, mtu? Mtu akiangaliwa kutoka juu haonekani urefu wake, anaonekana mabega tu, nusu metre. Nusu metre ni sehemu moja ya ishirini ya milimetre. Mstari unaopigwa na bic yenu iko na upana wa karibu nusu milimetre: watu kumi wakisimama bega kwa bega wanaingia katika upana wa mstari ule!

Basi namna gani wasomaji wa foto waliweza kuona? Kwanza kwa kivuli. Mtu ni nukta, lakini asubuhi ao jioni kivuli chake ni kirefu. Ndiyo maana foto ya saa sita ya mchana, ambayo mtu anaweza kufikiri ni nzuri kuliko zote, mara nyingi haisaidii kama ile ya saa tatu ya asubuhi. Pili kwa kutazama foto mbili pamoja. Funga jicho la kushoto, angalia kidole chako mbele ya ukuta. Kisha fungua lile na ufunge la kuume. Kidole kimeruka. Kwa kuwa macho yetu yako na nafasi katikati, tunajua nini iko karibu na nini iko mbali. Ndege inafanya vilevile: inapiga foto moja, inasonga mbele, inapiga nyingine inayorudilia zaidi ya nusu ya ile ya kwanza. Msomaji anaweka foto mbili chini ya miwani ya pekee, na mara moja nyumba zinasimama, milima inapanda, shimo linaonekana shimo. Tatu, na hii tunaona ni ya maana kuliko zote, kwa kulinganisha foto ya leo na foto ya juma lililopita. Njia mpya, udongo uliochimbwa, majani yaliyokauka mbele ya wakati wake kwa sababu yalikatwa na kuwekwa juu ya kitu. Jani lililokatwa linadanganya siku mbili, tatu. Kisha rangi yake inageuka na kusema kweli.

Kazi hiyo ilifanywa katika nyumba moja kubwa fasi inaitwa Medmenham, karibu na mto Thames huko Uingereza. Wanawake wengi walikuwa kati ya wasomaji. Mmoja wao, Constance Babington Smith, alikuwa anaongoza wale wanaosoma foto za ndege za adui. Mwisho wa 1943 alipata katika foto ya Peenemünde, huko Ujerumani, kitu kama msalaba mdogo kimekaa mwanzo wa barabara ya chuma inayopanda. Mabawa yake kwa kweli yalikuwa metre 5 tu. Ilikuwa bomu lenye kuruka lenyewe, ambalo mwaka 1944 lilianza kuanguka juu ya London. Foto iliyopigwa na piloti shujaa ingebaki karatasi tu kama hakungekuwa na mtu mwenye kukaa chini na kuangalia kwa uvumilivu. Na ndugu zetu wavulana wanaosema kwamba jografia na hesabu si kazi ya wasichana, tunawaachia jambo hilo wafikiri.

Kuko namna ingine, kupita chini. Ndege ya mapigano inaweza kupita metre 60 juu ya udongo na kupiga foto ya upande. Hapo mtu anaonekana na uso wake. Lakini ndege inakwenda metre 250 kila segonde. Ikiwa jicho la apareyi linabaki wazi segonde moja kugawanya kwa mia, ndege imesonga metre 2 na nusu, na foto yote ni moshi. Inahitaji jicho linalofunguka na kufunga katika sehemu moja ya elfu ya segonde, tena apareyi inayosongesha filimu yake wakati uleule kusudi ifuate udongo. Na kwa kupita chini hivyo, foto inaonyesha kipande kidogo tu cha inchi. Juu unaona inchi na hauoni watu. Chini unaona watu na hauoni inchi.

NDEGE ZA FOTO JUU YA KIVU

Tuje kwetu. Mwaka 1994, wakati wa kazi ya Ufaransa inayoitwa Turquoise, toka mwezi wa sita mpaka wa munane, ndege za mapigano za Ufaransa zilikaa Kisangani, na kati yao ilikuwa Mirage F1CR. Hiyo ni ndege ya mapigano iliyotengenezwa tena kwa ajili ya foto. Mzinga wake mmoja ulitolewa, katika fasi yake wakaweka mashini ya kuona joto, na apareyi nyingine zikawa katika tumbo. Vikosi vilivyoruka na ndege hiyo vilikuwa na namba 33: ndio watoto wa kikosi kile cha mwandishi wetu aliyepotea baharini. Mwaka 2003, toka mwezi wa sita mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa, askari wa Ulaya walikuja Bunia katika kazi ya Artemis, na Mirage zikarudi tena. Zilikuwa zinatoka N'Djamena huko Chad, karibu kilometre 2,000, zikipewa mafuta hewani na ndege ingine. Mara nyingi kazi yao ilikuwa kupita tu kwa kelele na kuangalia, wenye silaha wajue wanaonekana.

Lakini mwaka ambao tunataka kukaa juu yake ni 1996. Ndege za mwaka ule hazikuwa za mapigano, zilikuwa kubwa zaidi, lakini foto ni foto, na hesabu ni ileile.

Tangu 1994 wakimbizi wa Rwanda zaidi ya milioni moja waliishi katika kambi za Kivu: Mugunga, Kibumba, Katale, Kahindo, na zingine upande wa Bukavu na Uvira. Kati yao kulikuwa mama na watoto, tena kulikuwa askari na Interahamwe waliofanya mauaji ya jamii katika inchi yao. Mwezi wa kumi 1996 vita vya AFDL vilianza, jeshi la Rwanda likiwa nyuma yake, na kambi zikapigwa moja kwa moja. Siku ya 15 mwezi wa kumi na moja watu wa Mugunga walianza kurudi kwa miguu mpaka Gisenyi. Dunia yote iliona katika televizyo ile mto wa watu. Katika siku chache karibu nusu milioni walivuka. Siku hiyohiyo ya 15, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio namba 1080: jeshi la mataifa mengi liende kusaidia wakimbizi. Mkubwa wake alikuwa jenerali Maurice Baril wa Canada.

Sasa mataifa yakauliza ulizo la Musa. Wale waliobaki, waliokwenda upande wa magaribi katika pori, ni wachache ao wengi? Ikiwa ni wachache, hakuna lazima ya kutuma jeshi. Ikiwa ni wengi, kila siku inayopita ni watu wanaokufa.

Uingereza ikatuma Entebbe, ngambo ya mpaka wetu, ndege ya foto aina ya Canberra, ya zamani lakini yenye kupanda juu sana. Marekani ikatuma Orion, ndege ya mashini ine inayozoea kutafuta manuari za chini ya maji. Zikaruka juu ya Masisi, Walikale na pande zile. Foto zikarudi. Na wapelelezi wakagawanyika tena kama siku za Kalebu. HCR ilihesabu kwamba watu karibu laki 7 walikuwa hawajarudi. Wakubwa wa jeshi la Marekani walisema waliobaki ni wachache sana kuliko hapo, na serikali ya Kigali ilisema vilevile. Shirika la Oxfam la Uingereza lilisema kwamba siku ya 20 mwezi wa kumi na moja watu wake walionyeshwa foto katika Kigali, na foto zile zilionyesha watu zaidi ya laki 5, katika makundi makubwa matatu na madogo mengi. Siku tatu nyuma, mulemule Kigali, wakubwa wa jeshi la Marekani walizungumza juu ya kundi moja kubwa tu.

Namna gani? Kwanza tuwape watu haki yao: hata msomaji mwaminifu anaweza kukosana na mwenzake. Tufanye hesabu. Katika foto kuna barabara yenye upana wa metre 5, na imejaa watu kwa urefu wa kilometre moja. Hauwezi kuhesabu vichwa, unapima rangi nyeusi ya barabara. Ukisema mtu mmoja anachukua metre moja ya mraba, unapata watu 5,000. Ukisema anachukua metre mbili, kwa sababu ya mizigo juu ya kichwa na mikeka, unapata 2,500. Foto moja, wasomaji wawili, na tayari nusu ya watu imepotea. Ongeza turubai za plastiki: chini ya kila moja wanalala watu wangapi, watatu ao munane? Ongeza mawingu, kwa maana mwezi wa kumi na moja ni mwezi wa mvua kwetu. Ongeza mwisho kile kilichofunika manuari ya Rufiji.

Mtu anayekimbia vita hatembei katikati ya barabara. Akisikia ndege, hajui kama ni ya foto ao ya bomu, anaingia chini ya miti pamoja na watoto wake. Kwa hiyo yule anayehitaji kuonekana kuliko wote ndiye anajificha zaidi. Ndiyo sababu sisi tunasema wazi kwamba katika inchi kama yetu foto yenye watu ni ushahidi, lakini foto ya pori isiyo na watu si ushahidi wa kitu. Inaonyesha majani. Kuchukua foto ya majani na kusema "hakuna watu" si kusoma, ni kuchagua. Tena haitoshi kuuliza foto inaonyesha nini. Tunapaswa kuuliza vilevile nani alichagua fasi ya kupiga, na nani alichagua ya kuonyesha wengine. Inchi ambazo hazikupenda kutuma watoto wao katika pori la Zaire zilikuwa na sababu ya kupenda hesabu ndogo. Wanaotafuta msaada nao wanaweza kupenda hesabu kubwa. Lakini makosa hayo mawili hayana uzito mmoja: ukihesabu zaidi, unatuma unga mwingi kupita, ukihesabu chini, hautumi kitu.

Jenerali Baril alishauri kazi ifungwe, na mwisho wa mwezi wa kumi na mbili 1996 ikafungwa, bila jeshi kuingia katika pori.

Na wale watu? Katika mwezi uleule wa kumi na mbili walianza kutokea Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, wakiwa wametembea mamia ya kilometre, miguu imevimba, watoto wamekauka. Walikuwa zaidi ya laki moja katika kambi ile peke yake, na wengine walikuwa fasi zingine. Mwezi wa pili 1997 mkubwa wa HCR, mama Sadako Ogata, alikwenda kuwaona kwa macho yake. Mwisho wa mwezi ule kambi ilivunjwa na vita, wakakimbia tena kuelekea Kisangani. Wengi walikufa kwa njaa, kwa kipindupindu, na kwa kuuawa. Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti kubwa siku ya 1 mwezi wa kumi 2010 juu ya mauaji ya inchi yetu toka 1993 mpaka 2003, na habari ya wakimbizi wale imeandikwa mule, fasi kwa fasi. Watu waliokuwa hawaonekani katika foto walionekana katika makaburi.

DRONE NA PORI LA OICHA

Mwezi wa kumi na mbili 2013 MONUSCO ilianza kurusha drone toka Goma, aina ya Falco iliyotengenezwa Italia. Ilikuwa mara ya kwanza Umoja wa Mataifa kutumia ndege isiyo na piloti kwa upelelezi wake. Haina bomu, iko na macho tu: jicho la mchana na jicho la joto. Inafanya kazi ya Spitfire, lakini inaweza kuzunguka fasi moja saa nyingi, na kama ikianguka hakuna mama anayelia.

Jicho la joto linasaidia sana usiku, fasi iliyo wazi. Katika shamba la muhogo ao juu ya barabara ya Eringeti, mtu anaonekana kama taa ndogo. Lakini joto la mtu halipiti majani. Pori letu toka hapa kwenda magaribi liko na miti ya metre 30 na zaidi, na chini yake miti mingine, na chini ya hiyo vichaka. Hata shamba la kakao, ambalo siku hizi liko kila fasi, linafunga juu kama paa. Radari ya ndege inapita wingu, lakini majani mazito yanaishinda mara nyingi. Siku hizi kuko mashini inayotuma nukta nyingi za mwangaza, chache zinapita kati ya majani na kugusa udongo, na inaweza kuonyesha njia ya zamani ao msingi wa nyumba. Inaonyesha udongo, haionyeshi mtu anayetembea.

Basi ulizo la mwanzo tunaweza kulijibu nusu. Kambi kubwa, shamba jipya katikati ya pori, moshi wa kila asubuhi, njia iliyokanyagwa: hayo ndege inaweza kuyaona, na ikiwa mtu anayasoma kila juma atajua kuko jambo. Watu kumi wenye mapanga, wanaotembea chini ya miti na kutoka katika kakao saa moja ya jioni, wamevaa kama wakulima, hao ndege haiwezi kuwatenga na wakulima. Ndugu yetu Mmbuti akiona jani limegeuzwa katika njia anajua watu walipita, ni wangapi, na ni jana ao leo. Hakuna apareyi inayofanya hivyo tangu metre 3,000. Nusu ingine ya ulizo, yaani yale yaliyoonekana yalipelekwa kwa nani na alifanya nini nayo, hiyo si hesabu ya fokale. Wenye kujibu wako na majina na viti.

ZOEZI

Chukueni regle. Ndege inaruka metre 3,000 juu ya Oicha, apareyi yake iko na fokale ya santimetre 30. Milimetre moja ya filimu ni metre ngapi za udongo? Uwanja wetu wa mpira wenye metre 100 utakuwa na milimetre ngapi? Soko siku ya juma posho limejaa watu katika nafasi ya metre 60 kwa 40, na robo ya nafasi hiyo iko chini ya paa na turubai. Msomaji mmoja anaweka mtu mmoja katika kila metre ya mraba, mwingine katika kila metre tatu. Kila mmoja ataandika watu wangapi ikiwa anahesabu tu wale wanaoonekana? Kisha muende sokoni, muhesabu wenyewe kwa miguu yenu, muandike saa mliyohesabu. Majibu yaletwe kwa wenye kutengeneza karatasi hii mbele ya siku ya tano. Yatatoka katika numero inayokuja, hesabu za regle upande mmoja na hesabu za miguu upande mwingine.